Boriti za Shule ya Dija

Bagamoyo, 21 Januari 2024

Shangazi yangu Bi Mardhiya,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kizingitini, Sufiani kalala mapajani, kwa hiyo ukiona herufi zimeenda upande ujue ni yeye anajigeuza. Sisi wazima. Shuaibu bado anachomelea boti kule Mbegani, jioni anarudi macho mekundu kama mtu aliyefiwa, ananiambia ni moshi tu mke wangu. Masikio yako je? Nilipopiga kwa jirani yako ulisema "alo, alo, sema" mpaka salio likaisha. Bora tuandikiane. Mikidadi anasema gari lake la samaki linafika Pangani kila likipata mzigo, atatuchukulia barua, ila hana siku maalumu.

Dija wetu kaingia darasa la tatu. Mguu wake ni ule ule, lakini fimbo keshaizoea, na ukitaka kumshika mkono anakwambia "niache, mimi siyo mzigo." Kutoka mlangoni kwetu mpaka shuleni ni kuvuka uwanja tu. Namtazama mpaka anaingia, ndipo nawasha moto.

Sasa shangazi, shule yenyewe ndiyo inayonifanya nikuandikie. Jengo unalijua, ile ghorofa ya mawe ya yule tajiri wa pembe za ndovu. Wiki iliyopita boriti moja ilikatika, dari ikamwagika juu ya madawati. Ilikuwa Jumapili, alhamdulillahi. Vyumba vya juu vimefungwa, watoto wanasoma kwa zamu ukumbini. Walikuja watu wa majengo ya kale wakasema hapa haingii zege wala nondo, jengo ni la historia, litengenezwe kwa boriti na chokaa kama lilivyojengwa. Wakaja watu wa misitu wakasema boriti ni mikoko, mikoko haikatwi, pwani inaliwa na bahari. Na mawe ya baharini hayachomwi chokaa, ni nyumba za samaki. Mwalimu mkuu, Mwalimu Sophia, aliniambia, "Raya, mmoja kanifungia mlango, mwingine kanifungia dirisha, na mbaya zaidi wote wana haki."

Masika ikiisha jengo halijatengenezwa, watoto wanahamishiwa shule mpya njia ya Zinga. Kwa mwenye miguu miwili mizima ni mwendo wa saa nzima. Dija hafiki, shangazi.

Nikakumbuka mikoko yenu, ile mliyopanda na kikundi chenu cha akina mama. Nilipokuja msiba wa bibi niliiona imenyooka vizuri. Mkitupatia boriti za vyumba viwili tu, wewe ndiye kiongozi, ukisema watakusikia. Mimi nina imani kabisa jambo hili litawezekana.

Mwanao,
Raya


Pangani, 18 Februari 2024

Mwanangu Raya,

Marahaba. Barua yako ilisafiri na vibua, ikafika inanuka, paka akataka kuisoma kabla yangu. Mimi nipo. Masikio ndiyo hayo, muadhini nikimsikia najua kapewa kipaza sauti kipya. Mbuzi wawili wamezaa. Chumba chako bado nakifagia, kama ulivyokiacha ulipoolewa, ila popo wanadhani nawafagilia wao.

Nikuambie kwanza la chokaa. Si lazima ya baharini. Ipo ya mawe ya bara, inauzwa kwa mifuko. Inalowekwa shimoni miezi, inalainika kama samli, ndipo inafaa. Dari ya mawe haimwagwi ikaachwa, inapigwa. Mimi nimepiga dari nikiwa mwari. Tulikuwa tunasimama mistari miwili, kila mtu na kijiti chake, tunapiga na kuimba kutwa kucha kwa siku nyingi, na nyimbo zenyewe zilikuwa za kuwasema wanaume wanaotuletea maji kidogo. Waliona aibu wakaleta mapipa. Dari hiyo haivuji mpaka leo. Mwambie mwalimu wako akusanye wanawake.

Na kitu kimoja, Raya, sikiliza: saruji isiguse ukuta ule. Mawe yale yana chumvi na yananywa maji, na chokaa inayaacha yapumue. Ukiufunga kwa saruji, maji yanakaa ndani na ukuta unaoza kama jino.

La boriti. Hukuniuliza kwa nini tulipanda mikoko, nawe ulikuwa mdogo. Bahari ilikuwa inakula makaburi. Asubuhi tulikuwa tunaokota mifupa ya watu tusiowajua, tunaifunga sanda upya. Baba yako alizikwa katikati ya makaburi. Leo amebakiza mistari mitatu ya makaburi kufika majini. Mikoko ndiyo imemshika. Kila mwanamke wa kikundi ana mtu wake kazikwa pale, si mimi peke yangu. Nikikata kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, mwenzangu atakata kwa ajili ya paa la choo chake, na nitamkataza kwa mdomo upi?

Usinikasirikie. Mbusu Dija, mwambie hata mimi siyo mzigo, ingawa watu hapa hawaamini.

Shangazi yako,
Mardhiya


Bagamoyo, 30 Machi 2024, Ramadhani

Shangazi yangu,

Shikamoo, na swaumu njema. Nakuandikia uji uko jikoni. Sufiani ameota meno mawili na kayajaribia bega langu.

Sijakasirika. Habari za baba sikuwa nazijua. Nilisoma nikajifunika kanga, Shuaibu akadhani nimefiwa upya. Mikoko nisamehe, sitaitaja tena.

Lakini barua yako imenifika juzi. Gari la Mikidadi lilikufa injini, likalala gereji mwezi mzima na barua ndani. Na sisi huku nyuma, shangazi, tuliona masika hiyo inakuja, tukasema wazazi tusikae mikono mitupu. Tukapiga msaragambo. Mwenye mfuko wa saruji kaleta mfuko, asiye nao kabeba mchanga. Mimi nimebeba mchanga na Sufiani mgongoni. Wanawake tulipiga vigelegele ungedhani arusi. Fundi Msabaha alipiga lipu ukuta wote wa nyuma, nje na ndani, akasugua mpaka unang'aa kama sahani. Tulijivuna, nikwambie kweli. Dija aliupapasa akasema "mama, shule yetu imekuwa mpya."

Mwalimu Sophia alikuwa Kibaha kwenye kikao. Aliporudi alisimama mbele ya ukuta, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatushukuru mmoja mmoja.

Barua yako ilipofika nilimpelekea Fundi Msabaha, nikamsomea mpaka pale pa jino. Akacheka. "Dada Raya, shangazi yako yuko Pangani, mvua iko hapa. Hiyo chokaa mpaka ioge ikatakate, watoto wote watakuwa wameoa!" Watu wakacheka na mimi nikacheka, nisionekane mjuaji.

Mvua imeanza. Ukuta kwa nje mkavu kabisa. Kwa ndani unatoa jasho. Labda ni upya wake. Mimi naomba iwe hivyo.

Mwanao,
Raya


Pangani, 16 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Idd mubarak ya nyuma. Nilipika bokoboko nikala na mbuzi, maana jirani kaenda Tanga kwa wanawe.

Huyo Msabaha mwambie ningekuwa na meno ningemjibu. Mwambie aibandue ile saruji sasa hivi, kabla mvua haijakolea. Pole pole, kwa patasi, asipige nyundo.

Mikidadi atakuletea boriti. Ni za zamani, zimekauka, ni ngumu kuliko chuma, za chumba kimoja. Hakuna mkoko uliokatwa, kwa hiyo watu wa misitu hawana neno. Ni za nyumba ya zamani, kwa hiyo watu wa majengo ya kale hawana neno. Nimewapatia wote wanachotaka. Wapi nimezipata si kazi yako kuuliza.

Shangazi yako,
Mardhiya


Bagamoyo, 12 Mei 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mvua haijakusumbua sana. Huku imenyesha mpaka vyura wameingia uvunguni, Dija anawapa majina. Jino lake la mbele limetoka, kalitupa juu ya bati kaomba jipya. Sufiani anasimama kwa kushika ukuta. Shuaibu kapata kikohozi, nampa tangawizi. Wifi yangu wa Fukayosi kaleta mihogo, mizuri, ya unga. Mwaka huu mahindi kwao yamezama.

Mikidadi kafika salama, anakusalimu sana. Anasema umekonda.

Mambo ya shule yanaendelea, tutazungumza. Wewe jitunze, usipande kwenye vitu, usibebe maji.

Mwanao anayekupenda,
Raya


Pangani, 2 Juni 2024

Raya,

Marahaba. Umeniandikia vyura, umeniandikia mihogo ya wifi yako, umeniandikia jino. Boriti hukuziandika. Mimi ni kiziwi, si kipofu. Zimefika au hazijafika? Na ukuta?

Mardhiya


Bagamoyo, 23 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Nilitaka kwanza zipatikane ndipo nikuandikie kwa furaha. Nilikuwa naamini zitapatikana.

Boriti hazikufika. Mikidadi alisimamishwa kwenye kizuizi cha mazao ya misitu. Kaniigizia yote, unamjua alivyo. Yule ofisa kafunua turubai, kagonga boriti kwa kalamu.

"Hizi nini?"

"Mzee, boriti kuukuu. Za nyumba."

"Kibali chake?"

"Kibali cha nini? Hizi zilikatwa hata babu yangu hajazaliwa."

"Ndugu yangu, kila anayepita hapa na mikoko ananiambia ni ya babu yake. Uzee wake umeandikwa wapi?"

Mikidadi anasema yule bwana hakuwa na ubaya, hata hakutaka chochote. Alimwambia, "Nikiruhusu hizi kuukuu, kesho watapaka moshi zile mbichi waniambie ni kuukuu." Zikashushwa. Mwalimu Sophia aliandika barua yenye mhuri wa shule, akajibiwa zinasubiri uchunguzi. Wiki iliyopita Mikidadi kapita tena, kazikuta nyuma ya kibanda, wamezipanga chini na kupandisha juu yake magunia ya mkaa waliokamata, yasilowe.

Nilimuuliza alizitoa wapi. Kasema, "Raya, usiniulize zimetoka wapi." Nikamwambia zimetoka wapi? Kasema, "Si nimekwambia usiniulize? Za chumba chako." Ulimwita mtu akabomoa dari, na mvua inakuja. Shangazi, mimi ningejua ningekuja kukushika mikono.

Na ukuta. Msabaha hakuubandua. Alisema nani atamlipa kubomoa kazi yake. Mwalimu Sophia akamlipa mwenyewe, naye akaanza, wakati huo ukuta ulikuwa umeshavimba kama tumbo. Ijumaa ya tarehe kumi na saba Mei watoto walitolewa mapema kwa sababu ya swala. Nilikuwa naosha vyombo. Sikusikia mshindo, nilisikia kama mtu amemwaga kokoto nyingi, halafu vumbi, mvua ikalilaza. Ukuta wa nyuma wote, na vyumba vya juu vikaufuata. Saruji ilibaki mabapa mabapa, haikuvunjika, imeshikana na mawe ya juujuu tu. Ndani yake mawe yalikuwa yamekuwa tope. Msabaha alikuja akasimama. Hakutania. Alichukua bapa moja akaligeuza, akaliweka chini taratibu, akaenda zake.

Hakuumia mtu. Dija alikuwa ameshavuka uwanja.

Watoto wamehamishwa. Shuaibu anampeleka Dija kwa baiskeli alfajiri kabla hajaenda Mbegani, kurudi anarudi na wenzake wakubwa, wanambeba kwa zamu. Atazoea. Mimi naona atazoea.

Wewe unalala wapi? Niambie kweli.

Mwanao,
Raya


Pangani, 4 Agosti 2024

Mwanangu Raya,

Marahaba. Nalala ukumbini, pazuri, karibu na jiko. Chumba kisicho na mtu hakihitaji dari. Popo wamehama, hiyo ni faida. Jirani kanifungia turubai, upepo ukilipiga hata mimi nalisikia, kwa hiyo usiseme masikio yangu yamekufa.

Umeniuliza kweli nami nikupe. Baada ya barua yako ya Ramadhani nilichukua panga nikaenda kwenye mikoko. Maji yalikuwa yametoka. Nilichagua mmoja, wa kwangu mwenyewe, niliupanda kwa mkono huu. Nikasema mmoja tu, halafu wa pili, watu wa kikundi wako mashambani hawatajua. Nilisimama pale mpaka maji yakaanza kurudi miguuni. Nikamwangalia kaka yangu alipolala. Sikukata. Nilirudi nyumbani na hasira, nikaona kitu pekee ambacho ni changu na hakimzuilii mtu bahari ni ile dari. Basi.

Usinirudishie majuto. Yule wa kizuizini alifanya ninavyofanya mimi hapa. Mwaka juzi nilimnyang'anya mzee mmoja boriti zake, akaapa ni za nyumba iliyoanguka. Sikumwamini.

Nilidhani Dija aje akae na mimi asome huku. Nilikwenda mwenyewe kutazama. Shule iko juu, ngazi tupu, na mvua ikinyesha hata mimi na miguu yangu miwili nilishikilia ukuta. Hapana. Mwache kwa mama yake.

Mwambie Mwalimu Sophia chokaa aliyoloweka, kama ipo, asiimwage. Haiharibiki.

Shangazi yako,
Mardhiya


Bagamoyo, 20 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tumepata barua yako pamoja na embe, Sufiani kala mpaka kifuani. Anatembea sasa, anakimbia kabla hajajua kusimama. Shuaibu kikohozi kimemwacha, ila amehamishiwa kazi ya zamu, alfajiri tayari yuko ndani ya boti, kwa hiyo baiskeli haipo tena.

Mwalimu Sophia kahamishwa. Alikuja kuniaga. Chokaa yake ipo shimoni, kafunika na mabati, hajui amwachie nani ufunguo wa uzio, maana jengo limezungushiwa uzio sasa. Siku hiyo hiyo walikuja pande zote mbili, watu wa majengo ya kale na watu wa misitu, wakasimama pamoja uwanjani. Mimi nilitoka na Sufiani kiunoni nikasogea nisikie. Walikubaliana, shangazi. Mara ya kwanza wamekubaliana: lisiguswe. Hawa wanasema likiguswa historia inaharibika, hawa wanasema vifaa vyake havina njia. Wakapeana mikono. Wakabandika kibao. Kwenye nyufa za juu mimea imeshaota, na ukiangalia kwa mbali ni pazuri, wageni wanapapiga picha.

Dija nilikuwa nambeba mwenyewe. Namwamsha giza halijaondoka, nambeba mgongoni mpaka barabarani, anatembea kidogo, nambeba, na Sufiani nimemwacha kwa jirani analia. Tukifika kipindi cha kwanza kimekwisha. Mwalimu wa kule ana watoto wengi, hana ubaya, anamwambia asimame nyuma mpaka nafasi ipatikane. Wale waliokuwa wanambeba kurudi wamechoka, ni watoto. Mwezi uliopita alikaa chini njiani akaweka fimbo pembeni. Nikamwambia twende mama, tumekaribia. Akaniambia, "Hatujakaribia. Unasemaga hivyo kila siku." Nikageuka naye.

Nimekwenda kwa afisa elimu, wamesema wataliangalia. Naamini wataliangalia.

Kwa sasa namfundisha mimi. Asubuhi nikishafagia tunakaa mlangoni, tunaandika kwa mkaa sakafuni, tunafuta kwa maji. Kusoma anasoma kunishinda mimi. Hesabu tumejumlisha, tumetoa, tumezidisha. Kugawa tuligawa kwa namba za tarakimu moja, akapata zote. Jana akanipa kitabu cha mtoto wa jirani, ukurasa wa kugawa kwa namba za tarakimu mbili. Niliutazama sana. Unajua mimi niliacha shule darasa la tano, ule mwaka wewe ulipoumwa nikakuuguza.

"Mama, hii tunaanzia wapi?"

"Hii sikuifikia, mwanangu."

Hakunicheka. Alifunga kitabu, akachota maji, akafuta sakafu yote, akanipa mkaa.

"Basi tuanze tena kujumlisha," akasema. "Lakini zile kubwa kubwa."

Tumejumlisha kubwa kubwa mpaka adhuhuri. Zote alizijua.

Mwanao,
Raya